Mto wa Nabuyonga una rangi gani?

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wanne tulioko Mbale. Tunaandika kwa "sisi" kwa sababu haya mambo tumeyabishania pamoja karibu mwezi mzima, na hakuna aliyeshinda.

Swali lenyewe ni dogo. Mto wa Nabuyonga, huu unaoshuka kutoka upande wa Mlima Elgon na kukatiza mji, mvua ikishanyesha una rangi gani? Mwenzetu wa Bunia alisema "maro". Hicho ni Kifaransa kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Yule aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, alisema "kahawia", Kiswahili cha darasani kabisa. Wa Juba akasema "bunni". Wa nne hakutaja rangi hata kidogo, alisema "chai ya maziwa iliyozidi majani". Tukamuuliza mama mwenye nyumba, naye akajibu kwa Kiganda bila kuinua macho kwenye maharage yake: "Kitaka."

Hapo ndipo tulipoanza kucheka, halafu tukaanza kufikiri. Kahawia inatoka kwenye kahawa. Bunni ya Kiarabu inatoka kwenye bun, yaani kahawa hiyohiyo. Kitaka inatoka kwenye ttaka, udongo. Na maro ya Kifaransa ni tunda fulani la Ulaya ambalo sisi sote wanne hatujawahi kulitia machoni. Kumbe kila mtu aliutazama mto akataja kitu kingine. Na cha kuchekesha zaidi, kahawa yenyewe inalimwa hapo juu mlimani, ndiyo inayoendesha Bugisu Cooperative Union tangu 1954, lakini mkulima wa Elgon haioni kahawa yake ikiwa kahawia. Anaichuma ikiwa nyekundu, na ikishamenywa na kukaushwa inauzwa ikiwa ya kijani-kijivu. Kahawia inakuja baadaye, kwenye kikaango cha mtu mwingine, mara nyingi nchi nyingine. Sisi tulioipa rangi jina hilo tumelikopa kutoka kwenye kikombe.

Msidhani ni mchezo tu. Majirani zetu hapa wanautazama mto kwa rangi. Maji yakigeuka ghafla kuwa mazito na mekundu wakati hapa mjini jua linawaka, wanajua huko juu imenyesha, na watoto wanaitwa warudi nyumbani. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 Nabuyonga na Namatala zilivunja kingo, watu zaidi ya 20 wakafa. Kwa hiyo mtu wa Nabuyonga akikwambia "maji yamebadilika rangi", usimuulize ni rangi gani hasa. Panda juu kwanza.

Sasa turudi kwenye maneno. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazojitegemea: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Angalia sarufi, yenyewe inakuonyesha. Tunasema mtu mweusi, nguo nyeupe, udongo mwekundu, macho mekundu. Neno linajigeuza kufuata kitu chake kama vile "kubwa" na "dogo". Lakini hatusemi "udongo mjani". Tunasema udongo *wa* kijani, *wa* kijivu, *wa* kahawia, kwa sababu hayo yalikuwa majani, majivu na kahawa kabla hayajawa rangi. Zambarau ni tunda, waridi ni ua, manjano ni ile bizari ya kupikia, samawati ni mbingu. Kiganda kinafanya vilevile. Kijani chao, kiragala, kiko karibu na endagala, majani ya mgomba. Njano, kyenvu, iko karibu na emmenvu, ndizi mbivu. Kakobe, zambarau yao, inatoka kwenye kobe, kiazi kikuu kinachotambaa juu ya miti. Jirani amechungulia shamba lake na sisi tumechungulia letu.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kuhusu jambo hili. Walichukua vipande 329 vya rangi, wakawaonyesha watu wa lugha 20, wakawaambia wataje majina na waonyeshe kila jina linaishia wapi. Walichosema ni kwamba lugha hazipati majina ya rangi ovyoovyo. Lugha yenye majina mawili tu itakuwa na la giza na la mwanga. Ikipata la tatu, litakuwa jekundu. Halafu inafuata kijani au njano, na bluu inakuja nyuma yake. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya zile lugha 20. Lakini wengi wa watu walioulizwa walikuwa wakiishi eneo la San Francisco, na lugha nyingi ziliwakilishwa na mtu mmoja tu. Sisi tulipolisoma hilo tuliangaliana. Mtu mmoja, mbali na kwao, anaulizwa aseme kwa niaba ya pwani nzima na Kongo na Nyarugusu. Kazi hiyo tunaijua. Kila mgeni akija kambini kuna mtu mmoja anayeitwa aseme "wakimbizi wanafikiri nini".

Wasomi wengine waliwapinga baadaye na mjadala haujaisha. Sisi tunaona ile hoja ya tatu bora ina ukweli wake, maana imekaa ndani ya sarufi yetu. Tusichokubali ni wale wanaosema lugha yenye majina machache ya rangi ina macho machache. Mwiteni mchungaji yeyote wa ng'ombe kutoka Sudan Kusini mumuulize rangi za ng'ombe wake, mtakaa hapo mpaka jioni.

Sasa, kwa nini sisi tuko Mbale wakati kambi yetu ni Kyangwali, upande wa pili wa nchi? (Ndiyo, serikali inaita makazi. Sisi tunasema kambi, na ninyi wa mashirika mnajua kwamba tunasema kambi.) Dada wa mmoja wetu ameolewa hapa, akatutafutia kazi ya kupaka rangi na kuchora kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Kunawa mikono, herufi, wanyama. Mwenye kazi alitutumia picha kwenye simu akasema anataka kijani "kama hicho". Kwenye simu ya mmoja wetu kilikuwa kijani cha mgomba. Kwenye simu ya mwingine, ile yenye kioo kilichopasuka, kilikuwa karibu na bluu. Simu inatengeneza kila rangi kwa taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa na ngazi 256 kuanzia sifuri, na ukizizidisha unapata rangi zaidi ya milioni 16. Milioni 16, na bado watu wanne hawakubaliani juu ya moja! Mwishowe tulienda dukani wote na mwenye kazi, tukapaka vidole kwenye kipande cha ubao, tukakitoa nje juani, akachagua kwa kidole. Hiyo ndiyo njia ya mafundi wa hapa wote, na hatujaona iliyo bora zaidi kwa pesa hiyo.

Lakini kuna mtu aliyejaribu kulimaliza tatizo hili moja kwa moja. Albert Munsell alikuwa mwalimu wa sanaa huko Boston, Marekani. Mwaka 1905 alichapisha kitabu akieleza kwamba rangi moja inahitaji kutajwa kwa mambo matatu. La kwanza ni aina yake, nyekundu au njano au kijani au bluu au zambarau, na zilizo katikati yao. La pili ni mwanga wake, kutoka sifuri ambayo ni nyeusi kabisa mpaka kumi ambayo ni nyeupe kabisa. La tatu ni ukolezi wake: imekoza au imepauka? Kila rangi ikapewa namba badala ya jina. Hakuyapenda majina ya kuazima kwenye matunda na maua, aliona yanawachanganya watu. Tungependa kumwona akijifunza Kiswahili.

Namba zake tulizishika kwa mikono hapa hapa. Kijana mmoja anayesomea kilimo, tunayepanga naye nyumba moja, ana kitabu cha Munsell cha udongo. Ni kitabu chenye kurasa za vipande vidogo vya rangi, na chini ya kila kipande kuna tundu. Unaweka bonge la udongo nyuma ya tundu, unalinganisha, unaandika. Mfano, 5YR 4/6: aina yake iko katikati ya nyekundu na njano, mwanga ni nne, ukolezi ni sita. Anayesoma hiyo akiwa Nairobi au Kinshasa anafungua kitabu chake na kuona karibu kile ulichokiona wewe. Na lazima uandike kama udongo ulikuwa mkavu au mbichi, maana udongo uleule ukimwagiwa maji unakuwa mweusi zaidi.

Kwa wakulima hilo si urembo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aligundua kwamba katika nchi zetu hizi rangi za udongo zinapangana kama mnyororo kutoka juu ya kilima hadi bondeni: mwekundu juu ambako maji yanapita na kuondoka, wa kijivu au mweusi chini ambako maji yanasimama. Aliuita mpangilio huo "katena", Kilatini cha mnyororo, na neno hilo sasa linafundishwa dunia nzima. Kutoka mteremko mwekundu juu ya mji mpaka mashamba ya mpunga kwenye kinamasi cha Namatala unaweza kuutembea mnyororo huo kwa miguu. Mama wa hapa anajua bila kitabu wapi apande maharage na wapi apande mpunga.

Tulichukua matope ya ukingo wa Nabuyonga tukayaweka nyuma ya tundu. Yalikaa kati ya vipande viwili. Wawili wetu wakasema cha juu, wawili cha chini.

Mpaka hapa mnaweza kusema sawa, ni vijana wana muda. Lakini tuliobaki na kambi moyoni hatuwezi kuzungumzia kupanga rangi bila kuzungumzia ule utepe. Wengi wenu mmeushika. Ule wa kupima mkono wa mtoto, MUAC, sisi tunauita "muaki". Kila mmoja wetu amewahi kuwa mtu wa kujitolea kwenye upimaji, nyumba kwa nyumba, na asilimia kubwa ya mama wa kambi wanajua rangi zake kuliko wanavyojua tarehe. Kijani, nenda nyumbani. Njano, utapiamlo wa wastani. Nyekundu, kituo cha afya leo hii, mtoto ataanzishiwa vile vifurushi vya karanga. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, nyekundu ni chini ya milimita 115, njano ni kutoka 115 mpaka chini ya 125, kijani ni 125 kwenda juu.

Sasa sikilizeni historia yake. Kupima mkono kulienezwa sana na Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa watoto pale Makerere, Kampala, katika kitabu alichoandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1966. Rangi tatu zikaja na Adnan Shakir na David Morley mwaka 1974, kazi iliyofanyika Baghdad, kwa kutumia vipande vya filamu za eksirei vilivyopakwa rangi ili hata asiyejua kusoma aweze kupima. Wazo zuri sana. Lakini kwenye utepe wao nyekundu ilikuwa chini ya sentimita 12.5, na kijani kilianza 13.5. Yaani mtoto wa milimita 120, ambaye leo tunamwandika njano, Baghdad angeandikwa nyekundu. Baadaye nyekundu ikashushwa mpaka chini ya 110. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaipandisha ikawa 115, kwa sababu takwimu zilionyesha watoto wa chini ya hapo walikuwa kwenye hatari kubwa ya kufa. Mtoto wa milimita 113 alikuwa nje ya nyekundu, mwaka huo akaingia. Kulikuwa hata na tepe za rangi nne, machungwa ikikaa kati ya nyekundu na njano.

Mkono ni uleule. Mstari ndio uliohama.

Hatusemi hivyo kulaumu. Mstari lazima uwekwe mahali, na tunafurahi kwamba ulihamishwa kwa kufuata vifo vya watoto badala ya kufuata bajeti. Tunasema tu kwamba ukiwa wewe ndiye unayeshika utepe, ni rahisi kuamini kwamba nyekundu imo ndani ya mtoto kama vile imo ndani ya damu. Mama mmoja alitufundisha tofauti. Mwanawe alipimwa, tukamwambia njano, tukaweka alama kwenye kisanduku cha njano. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Sasa wanangu, hiyo njano ni njano ya karibu na nyekundu, au ni njano ya karibu na kijani?"

Ni swali la Munsell kabisa. Alitaka aina, alitaka ukolezi. Alitaka kujua kama wiki ijayo arudi au akae akisubiri. Na jibu tulikuwa nalo, maana milimita zimeandikwa palepale kwenye utepe: 117. Lakini kadi aliyopewa ilikuwa na visanduku vitatu vya rangi, bila nafasi ya namba. Tuliiandika kwa kalamu pembeni.

Na mpangilio huu haubaki mkononi mwa mtoto. Kuna ramani za njaa mnazoziona kwenye ofisi za mashirika, zinazoitwa IPC. Zilianzia Somalia mwaka 2004, sasa zinatumika nchi nyingi. Eneo zima linapewa rangi moja kwa awamu tano: kijani hafifu, njano, machungwa, nyekundu, na ya mwisho nyekundu iliyokoza sana, karibu na nyeusi. Watanzania wana jina la rangi hiyo ya mwisho, mwenzetu wa Nyarugusu ndiye aliyetuambia: damu ya mzee. Sijui kama wachora ramani wangelipenda jina hilo, alisema, lakini ndiyo yenyewe. Ili eneo lifike huko, nyumba 20 kati ya 100 ziwe hazina chakula kabisa, watoto 30 kati ya 100 wawe na utapiamlo mkali au wa wastani, na watu wawili kati ya 10,000 wafe kila siku. Februari 2017 kaunti za Leer na Mayendit, Jimbo la Unity, Sudan Kusini, zilipakwa rangi hiyo. Mwenzetu wa Juba alikuwa na ndugu zake huko. Anasema alipoiona ramani kwenye simu, kitu cha kwanza alichotafuta ni wapi rangi inaishia, kwa sababu kijiji cha mjomba wake kilikuwa karibu na mpaka wa rangi. Upande wa pili wa mstari ilikuwa nyekundu tu. "Nyekundu tu," anarudia hivyo mpaka leo, na sisi hatujui tumjibu nini.

Jambo la mwisho kwa ninyi mnaochapisha kadi na mabango. Macho ya binadamu yana chembe za aina tatu za kupokea rangi, na kwa watu wengine aina moja haifanyi kazi sawasawa. Nyekundu na kijani vinafanana kwao. Inawapata zaidi wanaume, kwa sababu ya namna kromosomu X inavyorithiwa. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 8 kati ya 100, kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Mmoja wao ni mwenzetu wa tano, aliyebaki Kyangwali. Hakuna aliyewahi kumpima. Tuligundua wenyewe kwa sababu alikuwa akichuma nyanya mbichi na mbivu pamoja. Na fikirieni, rangi mbili zilizochaguliwa kumtenganisha mtoto mzima na mtoto wa hatari ni zile zile mbili ambazo jicho la aina hiyo haliwezi kuzitenganisha.

Yeye haangalii rangi ya utepe kabisa. Anasoma namba. Anaisoma kwa sauti, "mia moja kumi na nane", anaiandika, kisha anamuuliza mama mara ya mwisho ilikuwa ngapi, na mama anaikumbuka. Wenzetu walioko huko wametuambia kwamba siku za upimaji mstari wake ndio mrefu kuliko yote, na akina mama wakiambiwa wahamie kwenye mstari mfupi, wanakataa.